Kuumiza kwa Kiingereza

Vijana wawili waliorithi kiti changu pale mahakamani wameniomba niwaandikie machache juu ya kazi ya ukalimani. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza wameniomba kwa adabu. Pili, tangu nistaafu mke wangu amechoka kunisikiliza, na mtu aliyeishi kwa kusema maneno ya wengine akinyamazishwa ghafla anaweza kuugua. Habari za mshahara sitaandika, maana zingekuwa fupi mno. Za vyeo nazo naziacha, kwa kuwa katika kazi hii mtu huingia mkalimani na kutoka mkalimani, ila mgongo ndio unaopanda daraja. Nitawaandikia juu ya siku zangu za kwanza, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya neno moja la Kiingereza lililonisumbua kuliko yote, hadi siku moja liliposimama mbele yangu likiwa na mkono uliovunjika.

Siku ya kwanza nilifika bomani Bagamoyo mapema kuliko mfagiaji. Kanzu yangu ilikuwa imetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe, na koti nilikuwa nimeazima kwa mjomba. Aliyenipokea ni Bwana Hemedi, mkalimani mkuu, mzee mfupi mwenye sauti nene, aliyekuwa amewatafsiria Wajerumani kabla hajawatafsiria Waingereza. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," kisha akaniambia nifungue kinywa. Nikafungua. Akachungulia kooni mwangu kama mtu anayenunua punda, akatikisa kichwa, akanipa kipande cha tangawizi. Alisema Kiingereza nitakipata kwa watu, lakini koo haliuzwi dukani.

Vyombo vyetu vya kazi vilikuwa hivi: tangawizi mfukoni, leso ya kufutia jasho, na kamusi ambayo mende walikuwa wameanza kuisoma kutoka pembeni. Kalamu tuliiacha kwa makarani. Bwana Hemedi alikuwa akisema kwamba mkalimani anayeandika anapoteza neno linalofuata, na kwamba kichwa kilichozoea kuandikiwa huwa mvivu. Alinifundisha kusimama hatua moja nyuma ya anayesema, nisimtazame machoni, niwe upande wa bega lake la kulia ili hakimu asikie sauti yake kwanza na yangu baadaye.

Somo la kwanza, ambalo naona siku hizi mnalisahau, lilikuwa neno "mimi". Mshtakiwa akisema, "Nilimpiga," nawe useme kwa Kiingereza kwamba nilimpiga. Usiseme, "Anasema kwamba alimpiga." Ukisema hivyo umeshaingia katikati yao, na mkalimani aliyeingia katikati ni mtu wa tatu ambaye hakualikwa. Kwa hiyo siku ile ya kwanza, kabla ya adhuhuri, nilikiri mbele ya Mzungu kuiba mbuzi, kumtukana mkwe wangu na kukata mnazi usio wangu. Dirisha la mahakama lilikuwa wazi, na nje walikuwapo watu waliosoma Kiingereza kidogo, yaani cha kutosha kuleta fitina. Jioni mama aliniwekea chakula, akaketi, akaniuliza kwa upole ule mbuzi nilimpeleka wapi.

Somo la pili lilikuwa kunyamaza. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," wahenga walisema, na Bwana Hemedi aliitumia methali hiyo mpaka nikaiota. Ukifika kwenye neno ambalo huna hakika nalo, nyamaza kwanza. Hakimu atakutazama, polisi atakutazama, mshtakiwa atakutazama. Waache watazame, hakuna aliyewahi kufa kwa kutazamwa. Ukiwa tayari, sema. Na kama neno haliingii kwenye neno la lugha ya pili, iambie mahakama wazi kwamba haliingii.

Neno lililoninyamazisha mara nyingi kuliko yote ni "hurt". Wakati ule sheria tulizokuwa tukizitumia zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya Bara Hindi, zikaletwa kwetu zimeshashonwa, nasi tukaambiwa tuvae. Humo kumdhuru mtu mwilini kuliitwa kwa neno hilo fupi. Kulikuwa na lile dogo na lile kubwa, na mfupa ukivunjika lilikuwa kubwa. Baadaye sheria ilibadilishwa na neno nalo likabadilishwa, lakini Waingereza wenyewe hawakuliacha midomoni. Kazi yake kwao ni kama ya chumvi jikoni. Kidole kikibanwa na mlango, neno ni hilo. Mtu akimwambia mwenzake maneno mabaya, neno ni hilo hilo. Biashara ikipata hasara, hilo. Hata ukiwa umekaa peke yako na goti likakuuma, goti lenyewe husemekana linafanya hilo, wala hakuna aliyeligusa.

Sisi mambo hayo tumeyagawa. Tuna kuumiza, tuna kudhuru, tuna kujeruhi, tuna kutia uchungu, na kila moja lina nyumba yake. Namkumbuka Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka la vitambaa, mtu mwema mwenye hasira za karibu, aliyemshtaki jirani yake kwa kumwaga maji ya kuoshea samaki mbele ya duka. Alitoa ushahidi kwa Kiswahili chake kizuri, akasema jirani amemtia hasara. Hakimu akauliza kwa neno lile kama kweli biashara imeumia. Nikamgeukia Bwana Kanji nikamuuliza kama biashara yake imepata madhara, naye akajibu kwamba biashara haina pua, iliyoumia ni pua yake. Namkumbuka pia mama mmoja wa Kaole aliyesema mumewe amemuumiza moyo kwa kuoa mke wa pili bila kumwambia. Bwana Shauri wa wakati huo, yaani Mzungu mkuu wa wilaya ambaye ndiye aliyekuwa hakimu wetu, kijana aliyefika juzi kutoka kwao, aliagiza apelekwe hospitali akapimwe kifua. Mama akaenda, akapimwa, akaambiwa kifua ni kizima, akarudi akasema hata huyo daktari ni mwanamume.

Nilipomlalamikia Bwana Hemedi juu ya neno hili, aliniambia nisihangaike sana na kamusi. Kamusi itakwambia neno linakaa wapi, lakini haikwambii nani analia. Mtazame aliyeumia, alisema, kisha chagua. Sikumwelewa vizuri, nikasema ndiyo, maana yeye alikuwa mwalimu wangu na saa ya kula ilikuwa imefika.

Sasa niwaambie kesi ya kijiji cha Mapinga. Mmoja wenu ametoka bara ya mbali, kwa hiyo nitaeleza mambo ambayo mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Maganga, Mnyamwezi. Baba yake alishuka pwani na mizigo zama za misafara, akaoa huku, akabaki. Maganga alizaliwa huku huku, akasoma chuo cha Kurani kama sisi sote, akawa na shamba la mihogo na minazi michache. Jirani yake alikuwa Pazi, Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara hiyo, na utani si mzaha wa kupitisha wakati, ni wajibu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya chakula mkononi na kukuvunjia heshima mbele ya wakwe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Maganga na Pazi walikuwa wakitukanana kila asubuhi kabla ya kuamkiana, na siku wasiposikika majirani waliuliza nani anaumwa.

Kazi kubwa ya mtani huwa msibani. Ndugu wote wamevunjika moyo, hakuna anayeweza kuinua kichwa, ndipo mtani anapoingia na kufanya mambo ambayo mwingine yeyote angefukuzwa kwa kuyafanya. Hulala ndani ya kaburi akidai hatoki mpaka apewe kuku. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye. Watu hucheka huku wanalia, na uzito unapungua kidogo, ukaweza kubebeka.

Mke wa Maganga aliitwa Mwajuma. Alifariki kwa homa iliyomchukua upesi. Maganga hakulia. Hakula pia. Alikaa ukumbini macho makavu, akijibu "Alhamdulillahi" kwa kila aliyempa pole, mpaka wazee wakaogopa. Walijua watu wa namna hiyo. Humzika mke leo na wenyewe wakazikwa kabla mwezi haujaandama. Wakamwendea Pazi wakamwambia kazi ni yake.

Makaburini Pazi alikuja amejifunika kanga ya marehemu. Maganga alikuwa anashuka kaburini kumpokea mkewe. Pazi akasema maneno fulani. Maganga akapanda juu, akaokota mpini wa jembe la wachimbaji, akampiga nao, na mkono wa kulia wa Pazi ukavunjika. Mazishi yalimalizika. Pazi alipelekwa hospitali, dresa, yaani mfunga vidonda wa pale, akamfunga, na kwa kuwa mfupa ulikuwa umevunjika kwa kupigwa, akapeleka habari polisi kama alivyotakiwa. Polisi walipokwenda Mapinga kuuliza ni maneno gani yaliyosemwa, hakuna aliyefungua kinywa. Maneno ya mtani makaburini hayatoki makaburini.

Hivyo ndivyo Maganga alivyofika mbele yetu, ameshtakiwa kwa lile neno kubwa. Kifungo chake kilikuwa cha miaka. Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine, anakohoa, na chakula cha mahabusu alikuwa akikirudisha kama kilivyoletwa. Askari aliyemleta aliniambia pembeni kwamba huyu akiingia gerezani hatatoka kwa miguu yake. Nami nilimtazama nikaona askari hakukosea.

Bwana Shauri aliyekuwapo sasa hakuwa yule kijana wa kupima kifua. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mvi mapema, na tabia yake ya kusubiri ilitufaa sisi wakalimani. Shtaka likasomwa, nikalitafsiri. Maganga akajibu kwamba ni kweli, alimpiga, na alimpiga kwa hasira. Mtani hakasirikiwi, alisema, naye alikasirika. Akaomba afungwe.

Nikasimama nyuma ya bega lake nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba nilimpiga kwa hasira, naomba nifungwe. Nilikuwa nimeshakiri mambo mengi chumbani mle, na mbuzi wangu walikuwa wameshajaa zizi. Lakini siku ile midomo yangu ilikuwa mizito, na niliona haya, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimechoka kuishi.

Bwana Shauri hakuandika kwamba amekiri. Alisema kwanza amsikie aliyeumizwa.

Pazi akaingia. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye uso wa kuchekesha hata anapotulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetundikwa shingoni kwa kanga, na niliona Maganga akiitazama kanga ile mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Ilikuwa ni ile ile ya Mwajuma. Mtani akishavaa nguo ya marehemu huwa ni yake.

Bwana Shauri akauliza: je, mtu huyu alikuumiza? Akatumia neno lile. Nikanyamaza. Watu wakanitazama, nikawaacha watazame. Kisha nikaiambia mahakama kwamba kwa Kiswahili swali hilo ni maswali mawili, na nikimuuliza moja nitakuwa nimemchagulia jibu. Bwana Hemedi, aliyekuwa ameketi nyuma siku hiyo kwa kuwa kifua kilikuwa kinamsumbua, alikohoa kidogo. Bwana Shauri akasema niulize yote mawili.

"Je, uliumia?" nikamuuliza Pazi.

"Niliumia. Mkono si huu?"

"Je, alikudhuru?"

"Nani, Maganga? Maganga hajanidhuru hata siku moja."

Nikayapeleka yote mawili. Mwendesha mashtaka akasimama kusema kwamba shahidi anamkinga rafiki yake. Bwana Shauri akamwambia aketi, akaniagiza nimuulize Pazi ni maneno gani aliyoyasema makaburini. Pazi akakataa kwa heshima, akaeleza kwa nini. Bwana Shauri akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba anaelewa, lakini bila maneno yale yeye anaona jambo moja tu: mtu mmoja na mpini, na mwingine na mfupa uliovunjika, na kwa hayo peke yake itambidi afunge.

Nilipomfikishia hayo, Pazi alimtazama Maganga kwa muda mrefu. Akasema yatatoka, lakini yakitoka yatatoka kama yalivyosemwa. Akaichomoa kanga shingoni kwa mkono wa kushoto, akauegemeza mkono uliovunjika tumboni, akajifunika kichwa. Akainama kidogo kama mtu anayechungulia mlangoni. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, sauti ya mtu aliyechoka kwa kazi, isiyokuwa na hasira hata kidogo.

"Unaingia wapi na miguu hiyo? Nimekwisha fagia."

Watu wa Mapinga waliokuwa wamekuja kusikiliza waliinamisha vichwa wote. Sikuhitaji kuambiwa. Ndivyo Mwajuma alivyokuwa akimpokea mumewe kila jioni arudipo shambani na udongo miguuni, miaka yote ya ndoa yao. Na Pazi alikuwa ameyasema maneno hayo wakati Maganga anapoweka mguu wake ndani ya kaburi.

Maganga akalia. Sijui niseme alilia vipi. Alishika ukingo wa kizimba akalia kwa sauti, kama anayelia kilio cha siku zote alizokaa kimya, na askari aliyekuwa naye akageuka ukutani. Mimi nilikuwa na kazi ya kufanya. Nilifungua kinywa nitafsiri, Bwana Shauri akainua mkono kunisubirisha. Tukasubiri. Kilio kilipopungua akanipa ishara, nikasema kwa Kiingereza, kwa "mimi" kama nilivyofundishwa, kwamba nimekwisha fagia. Niliona kalamu yake haikuandika. Hadi leo nampenda mtu yule kwa ajili ya hilo, na simjui hata aliko.

Baadaye akamuuliza Pazi kwa nini alimwambia mtu maneno ya kumuumiza siku kama ile. Lile lile neno tena, safari hii limegeuka, limemwangukia mwenye mkono uliovunjika.

"Nilimtonesha," Pazi akajibu. "Alikuwa na kidonda kimefunga juu, ndani kinaoza. Kazi yangu ilikuwa kumchekesha au kumliza, lolote litakalotangulia. Likatangulia jembe. Haya, nalo ni afadhali kuliko kukaa kimya."

Kutonesha, vijana wangu, ni kukigusa kidonda ambacho tayari kipo. Nikakitafuta Kiingereza chake mle kichwani na sikukiona. Nikanyamaza, kisha nikasema kwamba nilimuumiza pale alipokuwa tayari anaumia. Ni maneno mengi kwa neno moja, lakini yalifika.

Hapo Bwana Shauri akaiweka kalamu chini, akaeleza jambo la kisheria kwa lugha nyepesi. Kwa kosa kama hili, alisema, sheria inamruhusu aliyeumizwa kumsamehe aliyemuumiza, mahakama ikikubali. Naye yuko tayari kukubali. Pazi aseme tu kwamba anamsamehe, na Maganga ataondoka leo.

Nilitafsiri kwa furaha, nikijua tumefika nyumbani. Pazi akanitazama kama niliyemtukana.

"Siwezi kumsamehe," akasema. "Nikimsamehe nitakuwa nimesema amenikosea. Mtani hamkosei mtani. Nikitamka hivyo hapa mbele ya watu, utani wetu umekufa, na mimi nitakuwa nimemzika mwingine mwezi huu huu."

Na Maganga naye, macho mekundu, akatikisa kichwa kukubaliana naye. Alisema Pazi asitamke neno hilo kwa ajili yake, bora afungwe. Nikayapeleka yote mawili kama yalivyo, na nilipomaliza Bwana Shauri akashika paji la uso. Sheria ilikuwa inaomba neno moja ambalo kila mtu alitaka liwepo, na watu wawili peke yao duniani wenye haki ya kulitoa walikuwa wamekataa kwa kupendana. Akasema tupumzike, turudi baada ya adhuhuri.

Niliswali, nikatoka nje. Pazi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, ameirudisha kanga shingoni. Nilijua njia. Angeweza kusamehe kitu kingine, chochote, madamu neno lenyewe lisikike. Mtu aliyezoea utani angeliona hilo mara moja kama si majonzi. Ilikuwa ni kumsogelea tu na kumnong'oneza. Bwana Hemedi alikuja akasimama kando yangu, na bila shaka alisoma uso wangu.

"Koo lako ni la wote," akaniambia. "Ukilitumia kwa mmoja, wenzake watabaki bubu."

Nikamjibu kwamba Maganga atakufa gerezani. Akasema anajua. Akanipa tangawizi, nami nikasimama pale naitafuna, machozi yananilengalenga, na nikasingizia ukali wake.

Tuliporudi, Bwana Shauri alimuuliza Pazi tena, na Pazi akajibu vile vile. Mwendesha mashtaka alikuwa anapanga karatasi zake. Hapo Maganga, ambaye hakuulizwa, akainua kichwa. Kilio kilikuwa kimemfungua kitu, maana sauti ilikuwa nyingine. Akamtazama Pazi kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mzaramo," akamwambia, "mkono wenyewe ulikuwa mvivu hata kabla sijauvunja. Miaka yote hiyo sijauona ukishika jembe. Siku ulipokutana na jembe, ukavunjika."

Mtu mmoja wa Mapinga akapaliwa na kicheko. Mwingine akafuata. Nikatafsiri haraka, na sikuweza kuuzuia uso wangu. Pazi alikuwa ameachama. Tangu msiba ulipoingia, hilo lilikuwa tusi la kwanza kutoka kwa mtani wake, na nikaona jinsi lilivyomshukia. Mabega yalishuka, uso wake wa kuchekesha ukarudi mahali pake.

"Bwana Shauri," akasema, "nimefikiri. Namsamehe. Mkono haumo, mkono ni mambo yetu. Namsamehe kosa la kuzaliwa Mnyamwezi, ambalo ni kubwa kuliko kuvunja mfupa, na halina dawa."

Nikasema yote hayo kwa Kiingereza, neno kwa neno, hatua moja nyuma ya bega lake. Bwana Shauri akaniambia nimuulize kama huo ni msamaha au ni mzaha. Nikamuuliza.

"Kwetu vinatoka mfuko mmoja," Pazi akajibu.

Bwana Shauri akatazama watu waliokuwa wakijifuta macho, akamtazama Maganga, akaandika. Kisha akasoma alichoandika, nami nikakitafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: aliyeumizwa amemsamehe aliyemuumiza, na mahakama imekubali. Sikuulizwa ni neno gani nililolitumia kwa "aliyeumizwa", na hata sasa sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa nimewatazama wote wawili pamoja, na nilitaka liwaingie wote.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Bwana Hemedi alifariki, Mungu amrehemu, sheria zikabadilika, mahakimu wakaja na kuondoka. Nimetafsiri wizi wa kila namna na talaka za kila sababu. Mkiniuliza leo neno lile maana yake nini, nitawajibu kama nilivyojibiwa: mtazameni aliyeumia, kisha mchague. Na mkiona wameumia wote wawili, msione haya kunyamaza kidogo kabla hamjasema.

Siku ile, kesi ilipokwisha, nilitoka kuelekea sokoni. Kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza wali na samaki karibu na pale, na kwenye mkeka wake niliwakuta Maganga na Pazi wamekaa, sahani moja katikati. Mkono wa kulia wa Pazi ulikuwa kwenye kanga, na kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto. Maganga alikuwa anamlisha. Alikuwa akichambua miiba ya samaki kwa makini, akifinyanga tonge, akilipeleka kinywani mwa mwenzake kama mtu anayemlisha mgonjwa wake. Nikatoa salamu, wakaitikia. Pazi, mdomo umejaa, akamuuliza kama Wanyamwezi wote hula matonge madogo kiasi hicho, au ni yeye peke yake aliyelelewa na kuku. Maganga akafinyanga tonge jingine, kubwa, akamtia kinywani mpaka akanyamaza. Lililofuata akalitazama kidogo mkononi, akalila mwenyewe.